Una Kenta Dar na wewe uko nje: kabla hujaomba ruti ya pili

Kampuni nyingi za vinywaji, unga, mikate na vifurushi Dar es Salaam hazisambazi mzigo kwa magari yao peke yake. Ruti, yaani njia za kupeleka mzigo madukani, hupewa watu binafsi wenye magari ya mizigo kama kirikuu, Kenta au Fuso, na baadhi ya wenye magari hayo hawaishi Dar. Gari likifanya kazi vizuri kwa muda, msimamizi wa ghala anamnong'oneza dereva kwamba kuna ruti nyingine itatangazwa. Dereva anampigia bosi wake aliyeko Columbus au Muscat, na bosi anajibu usiku uleule: omba. Huyo bosi ndiye ninayemwandikia. Ombi lenyewe ni karatasi chache tu. Kinachowamaliza watu ni bei waliyoiandika kwa njia ambayo hawajawahi kuipita.

Makosa huanzia kwenye kilomita. Mtu anachukua malipo ya ruti yake ya Mikocheni, anapima umbali wa Mbagala kwenye ramani ya simu, anazidisha, anatuma. Sasa itazame siku moja ya Mbagala. Gari linafika kwenye geti la ghala Barabara ya Nyerere saa kumi na mbili asubuhi na kupanga foleni ya kupakia. Likitoka saa tatu, hiyo ni siku nzuri. Barabara ya Kilwa mpaka Rangi Tatu ina foleni yake. Halafu ndiyo kazi inaanza. Kenta haiingii kwenye vichochoro vya Charambe, kwa hiyo utingo anakodi guta au anabeba kreti mbilimbili mpaka dukani. Mangi (mwenye duka) wa kwanza analipa. Wa pili anasema shusha mzigo, hela njoo saa nane. Wa tatu ana kreti tupu zilizopangwa ukutani, na ndani yake mna chupa zilizomeguka mdomo. Dereva asipozitoa palepale mbele ya mwenye duka, jioni ghalani zitaandikwa kuwa shoti yake, yaani upungufu anaodaiwa yeye. Akimaliza, anarudi mjini na foleni ya jioni, kisha anasubiri zamu ya kuhesabiwa kreti tupu. Kwenye ramani ni safari fupi. Kwa dereva ni siku nzima na kipande cha usiku.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei, mtume mtu unayemwamini apande gari la anayeifanya ruti hiyo sasa, au aifuate kwa bodaboda, siku za aina tofauti: Jumatatu, mwisho wa mwezi, na siku ya mvua kama msimu unaruhusu. Masika, Jangwani ikijaa maji na Barabara ya Morogoro kufungwa, ruti yoyote inayotoka Kariakoo kwenda Magomeni na Ubungo inageuka kuwa kitu kingine. Ya Kigamboni ina tozo ya daraja au kusubiri pantoni. Aandike saa alizotoka na kufika, idadi ya maduka, nani analipa taslimu na nani anakopa. Karatasi hiyo ndiyo bei yako.

Halafu piga hesabu ya mtaji, ambayo watu wengi huiruka. Mfano huu ni wa kubuni, weka namba zako. Ruti inalipa 150,000 kwa siku. Mafuta 50,000, dereva na utingo 35,000, akiba ya tairi, sevisi, bima na leseni 25,000. Unabaki na 40,000, na kwa siku 26 za kazi ni 1,040,000 kwa mwezi. Inapendeza. Lakini kama mkataba unasema malipo yanatoka siku 45 baada ya ankara (kama siku 39 za kazi), mafuta na mishahara peke yake, 85,000 kwa siku, vitakudai zaidi ya milioni 3.3 kabla hujaona shilingi. Ukiwa na ruti moja unaweza kuziba pengo hilo kwa mshahara wako wa huko. Ukiongeza ya pili na ya tatu, utaanza kumwambia dereva avumilie, na dereva aliyeambiwa avumilie ataanza kubeba mizigo ya pembeni kwa mafuta yako. Omba kulipwa kila wiki mbili hata kama ni kwa bei ya chini kidogo. Mimi ningechagua hivyo kila mara.

Kifungu cha mafuta nacho ukiandike mwenyewe. Wakandarasi wa kampuni za vifurushi Marekani wamezoea nyongeza ya mafuta inayopanda na kushuka na bei ya pampu. Hapa usipoidai kwa maandishi, haipo. Bahati nzuri kipimo kipo: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Andika kwamba bei ya dizeli Dar es Salaam ikipanda kupita asilimia mliyokubaliana, malipo ya ruti yanarekebishwa kuanzia mwezi huo.

Makaratasi ya kawaida ni usajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na risiti za mashine ya EFD za TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara, na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) ya kubeba mizigo kwa malipo. Zabuni za taasisi za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo jisajili mapema. Kuhusu VAT, kizingiti tangu Julai 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka; ruti tano za mfano wangu wa juu zinakivuka. Bima usiishie bima ndogo: mzigo wa watu unahitaji bima yake, na kampuni makini huiulizia kabla ya bei.

Jambo zito zaidi ni jina litakaloandikwa kwenye zabuni. Tanzania bado haina uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua pasipoti ya Marekani au Uingereza, kisheria wewe si raia tena. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na miongoni mwake zimo huduma za posta na usambazaji wa vifurushi ndani ya nchi. Inawagusa pia ndugu zetu Wakenya na Waganda. Asiye raia akikutwa anakabiliwa na faini isiyopungua milioni 10 au kifungo, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Kwa hiyo usimwambie mdogo wako wa Tabata "weka jina lako tu, kazi ni yangu." Unamtia hatarini yeye. Kama uraia wako umebadilika, nenda kwa wakili kabla ya ombi, hata kama mzigo wako ni soda au unga.

Kama bado ni raia, andaa hati ya uwakilishi kupitia ubalozi, na iseme mipaka: mwakilishi wako anaweza kusaini ombi na kuhudhuria majadiliano ya bei, lakini si kukopa kwa dhamana ya gari. Mwakilishi asiwe dereva wako. Asiwe pia mtu anayelipwa na dereva. Na hapa niseme wazi, utaratibu wa "niletee hesabu kila jioni" tuliouzoea kwenye bajaji haufai kwenye ruti ya mkataba. Mlipe dereva mshahara, mwongezee bonasi kwa mwezi usio na shoti, na umlipie siku ya mapumziko. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu akiendesha tani tatu za mzigo katikati ya wanafunzi Mbagala ni hatari kwa watoto wa watu.

Mwisho, soma notisi ya kutoka. Mikataba mingine inaruhusu kampuni kukuondoa kwa wiki mbili lakini wewe inakudai miezi mitatu. Omba siku zilingane, na dhamana ya kreti uliyoiweka kwa kampuni irudishwe kwa tarehe iliyoandikwa.