SOMO: Jeli ya kucha ikauke mpaka chini, siyo juu tu

Jeli inakaukaje mpaka chini? Hili swali naulizwa kila siku hapa Mwanjelwa, Mbeya. Naandika mara moja, tunzeni.

1. Safisha kucha, piga msasa kidogo, futa kwa spiriti.

2. Paka beisi (tabaka la kwanza, la chini ya rangi) nyembamba, ingiza kwenye taa.

3. Rangi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Jeli haikauki kwa hewa. Ndani yake kuna kemikali ya kuanzisha ugumu, mara nyingi TPO. Ikipigwa na mwanga wa taa (nanomita 365 hadi 405) inavunjika, vipande vyake vinaunganisha akrilati (ule uji wenyewe wa jeli) kuwa plastiki. Rangi nyeusi inameza mwanga kabla haujafika chini. Ukipaka nene, juu panagonga ngumu na chini pabichi, na huo ubichi ndio unaoleta alergia: vidole vinawasha, vinapasuka, na mwili ukishaikataa akrilati huwa haurudi nyuma. Juni na Julai baridi yetu inaifanya jeli kuwa nzito, unajikuta umepaka nene bila kutaka. Loweka chupa iliyofungwa kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Paka nyembamba mara mbili au tatu, kila tabaka ukilipaka, ingiza kwenye taa. Ikigusa ngozi, futa KABLA ya taa. Mteja akisema inaunguza, atoe mkono. Tabaka nene hutoa joto kali.

4. Topu (tabaka la mwisho la juu), taa, futa kwa spiriti.

MASWALI

— Dada, yangu inanata baada ya taa, niongeze muda?
Umesoma namba 4? Futa kwa spiriti.

— Samahani dada, kwa nini inanata juu tu?
Swali zuri mdogo wangu. Oksijeni ya hewani inazima muungano pale juu, unabaki utando mwembamba. Ndiyo maana rangi inayofuata inashika vizuri. Usiufute katikati ya kazi.

— Natumia taa ya kukagulia noti, mbona haikauki?
Hiyo siyo taa ya kucha. Nunua taa inayoendana na jeli yako.

— Nasikia TPO imepigwa marufuku?
Umoja wa Ulaya, kwenye vipodozi, tangu Septemba 1, 2025. Soma lebo, TPO-L ni kemikali nyingine.

— Huku Makambako jeli yangu imeganda chupani.
Iliwekwa dirishani? Jua nalo lina UV, mwanga usioonekana unaogandisha jeli kama wa taa. Na ukihamishia chupa ndogo usijaze mpaka shingoni: dawa inayozuia kuganda inahitaji hewa kidogo ndani.