Kubana na kukausha maua: magazeti yabadilishwe mapema

Kina mama wanaotengeneza kadi na picha za ukutani huku milimani Lushoto huniletea lalamiko lilelile: ua liliingia kitabuni jekundu, likatoka na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Wengi hudhani uzito haukutosha, wanaongeza tofali la pili. Mimi huwauliza swali moja tu: magazeti mlibadilisha lini? Kimya.

Ua bichi sehemu kubwa ni maji. Ukilibana, maji hayo yanahamia kwenye gazeti, na gazeti likishalowa ua linabaki limelala kwenye unyevu wake mwenyewe. Hapo ndipo rangi inapogeuka na ukungu unapoanza. Badilisha magazeti baada ya saa 24 za kwanza, kesho yake badilisha tena, na siku ya tatu vilevile. Baada ya hapo, kila siku tatu au nne yatosha. Yale yaliyolowa usiyatupe. Yaanike juani, yatumike tena.

Najua ninachosema kwa sababu nami yalinikuta. Niliwahi kufunga mawaridi katikati ya masika nikasafiri siku tano. Niliporudi gazeti lilikuwa limevimba, na katikati ya petali kumeota manyoya ya kijivu. Ua moja lilikuwa limebeba wino wote; ungeweza kusoma nusu ya tangazo la mnada mgongoni mwake. Tangu siku hiyo naweka karatasi nyeupe isiyo na maandishi kati ya ua na gazeti. Unapobadilisha magazeti, karatasi hii iache na ua lake, kwa maana petali laini zikivutwa siku ya kwanza huchanika. Kurasa za majarida yanayong'aa hazinyonyi maji, na tishu zenye vinundu huacha alama za vinundu hivyo kwenye petali.

Kibanio hakihitaji fedha. Vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 30 kwa 40, maboksi yaliyokatwa kwa kipimo hichohicho, na kamba mbili za mpira wa baiskeli za kukazia. Panga ubao, boksi, magazeti matatu manne, karatasi nyeupe, maua, karatasi, magazeti, boksi, uendelee hivyo hadi ubao wa juu. Boksi liwe lile lenye mikunjo ndani, maana hewa hupita kwenye vile vijinjia na kutoa unyevu. Kaza kila siku, kwa sababu maua yakinywea kamba hulegea, na petali isiyobanwa hujikunja. Kiweke chumba chenye hewa, mbali na moshi wa jiko. Wiki mbili hadi nne kazi imekwisha.

Sasa maua yenyewe. Anayeanza aanze na bogenvilia. Ile rangi tunayoiita ua ni majani tu yaliyogeuka rangi, ua halisi ni kile kitu cheupe kidogo katikati, na majani hayo ni makavu kama karatasi tangu mtini. Kosmosi hukubali vizuri, vivyo hivyo vijiua vya haidrenjia vikichambuliwa kimoja kimoja, na kangaga za kingo za vijito. Njano hudumu kuliko rangi nyingi. Waridi jekundu huelekea weusi hata ukilitunza, kwa hiyo ukitaka wekundu kwenye kadi bana waridi la pinki iliyokolea. Meupe mengi huwa kahawia. Hibiskasi mimi simshauri mtu; ina ute, inanata kwenye karatasi, na ukiibandua unabaki na vipande.

Waridi zima halibanwi. Chambua petali uzikaushe moja moja, kisha upange ua upya kwa gundi. Ukilitaka na umbo lake, lizike kwenye mchanga laini wa mtoni uliooshwa, ukachekechwa na kukauka kabisa. Mimina polepole kwa kijiko, ndani ya petali na nje, usikifunike chombo, usubiri wiki mbili hadi tatu.

Chuma umande ukishakauka. Tambarare ni saa tatu au nne asubuhi, lakini huku kwetu mwezi wa saba ukungu hukaa hadi karibu saa sita, basi subiri. Chagua ua lililofunguka siku hiyo, ulibane kabla halijanyauka.

Njia hii si ya kadi tu. Wataalamu wa mimea waliobana majani Amani, Muheza, tangu mwaka 1902 walitumia mbao na karatasi hivihivi, na mkusanyiko ulioanzia pale sasa uko Nairobi. Ila wao walikuwa na ruhusa. Wewe panda yako bustanini. Usichume kwenye msitu wa hifadhi, na okidi za porini ziache kabisa: biashara ya okidi kuvuka mipaka inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, na mtalii aliyenunua kadi yako anaweza kukwama nayo uwanja wa ndege.

Kujua kama ua limekauka, liguse na shavu. Likiwa na ubaridi, bado lina maji. Likiwa tayari, lishike kwa kibano cha nyusi, weka tone la gundi nyeupe kwa kijiti cha meno, na picha isitundikwe palipo na jua, maana jua hufuta rangi.

Akiba yako iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, hasa kama uko Tanga au Mombasa ambako hewa yenyewe ina maji. Ukiona unga laini chini ya maua, wadudu wameshaingia. Usipulize dawa. Funga maua kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza wiki mbili. Ukiutoa usiufungue hapohapo. Uache mezani hadi kesho yake, jasho lifanyike upande wa nje wa mfuko, lisiingie kwenye maua.