Stirling na Bannockburn kwa nusu siku: anza na ngome, uwanja wa vita baadaye

Wadau mlioko Glasgow au Edinburgh, na nyie mnaokuja Uskoti kusalimia ndugu, kama una asubuhi moja tu nendeni Stirling. Ngome na uwanja wa vita ya 1314 kati ya Waskoti na Waingereza zimeachana kama kilomita 3 hivi, ukiwahi kuamka, ikifika saa nane mchana ushamaliza.

Mimi mara ya kwanza nilianza na uwanja, nikashuka kwenye basi naangalia huku na huku naona majani, sanamu ya jamaa juu ya farasi na mama mmoja anatembeza mbwa, nikajua hapa nauli imeliwa. Usifanye hivyo, anza na ngome.

Treni za Glasgow zinaondokea Queen Street, za Edinburgh ni Waverley, ndani ya saa moja ushafika. Kutoka stesheni unapanda kilima kwa mguu kama dakika 20, pumzi itakata na mawe ya barabarani mvua ikinyesha yanateleza, kwahiyo vaa raba na beba koti, mwavuli achana nao maana upepo wa kule juu wangu uliugeuza mara moja tu basi. Tiketi kata onlaini kabla. Wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, uwepo getini muda huo kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu.

Ndani usitake kuona kila kitu. Pita ule ukumbi mkubwa wa njano alioujenga mfalme James IV wa Uskoti (waliporudishia hiyo rangi 1999 wenyeji wengine walinuna kwelikweli), afu nyumba ya kifalme ya James V, inatosha. Humu ngomeni ndo Mary, binti wa huyo James V, alivishwa taji la umalkia 1543 akiwa na miezi 9, mtoto wa kunyonya jamani.

Muda wako mwingi umalizie kwenye kuta, maana huko ndo utaelewa kila kitu. Chini utauona mto Forth umejikunja kama nyoka. Zamani bonde lile lilikuwa tope na madimbwi, daraja la hapa ndo lilikuwa njia ya kwenda kaskazini, kwahiyo mwenye ngome ndo mwenye ufunguo wa nchi, na 1297 viongozi wa Waskoti, William Wallace na Andrew Moray, waliwapiga Waingereza hapohapo darajani. Kufika 1314 ngome ilikuwa mikononi mwa Waingereza, Waskoti wameizingira, mkuu wake Philip Mowbray akakubaliana nao kwamba msaada usipofika mpaka katikati ya mwaka anaikabidhi. Mfalme Edward II wa Uingereza akaja na jeshi kubwa kuiokoa. Sasa geukia kusini, huko ndo alikokwamia.

Shuka mjini uchukue basi au teksi mpaka Bannockburn. Kutembea nje ni bure, makumbusho ya ndani unalipia na angalia kwanza siku wanazofungua. Hiyo burn kwa Kiskoti ni kijito, na farasi wa Waingereza walibanwa kati ya vijito na tope huku watu wa Robert the Bruce, mfalme wa Waskoti, wanasogea wamebanana na mikuki mirefu kama nungunungu. Ilipiganwa siku mbili, Juni 23 na 24. Wataalamu mpaka leo wanabishana sehemu kamili ilikuwa wapi, kwahiyo usihangaike kutafuta alama, simama kwenye sanamu ya Bruce iliyozinduliwa 1964 uangalie kaskazini, ngome utaiona vizuri tu. Edward aliposhindwa alikimbilia kulekule, Mowbray akakataa kumfungulia, ikabidi akimbie na farasi mpaka Dunbar akapande boti. Na wewe kabla hujaanza kupiga picha angalia basi la kurudi ni saa ngapi, hasa Jumapili.