Ulikosea kazini ukiangalia mgonjwa? Hivi ndo utamwambia mwajiri mpya

Naanza na langu msije mkasema natoa wosia tu. Nilikuwa naangalia bi mkubwa mmoja hapa Malindi, ana presha na miguu haina nguvu, ilikuwa Ramadhani na yeye hafungi kwa ajili ya ugonjwa, sasa wakati wa daku bintiye akamuona yuko macho akampa uji na kidonge chake cha presha kabisa, mimi naingia saa mbili asubuhi kama kawaida nikampa kingine. Sikuuliza. Saa nne namwinua kwenda msalani akalegea kama nguo mbichi, jasho linamtoka, macho yanazunguka. Nikamlaza, nikampigia bintiye, tuktuk mpaka hospitali, wakamuangalia hadi jioni akarudi salama alhamdulillah. Mimi mwisho wa mwezi nikaambiwa nipumzike.

Sa, intavyu unasemaje?

Usifiche, na sisemi hivo kwa uchamungu tu, mji wenyewe huu ukipiga chafya Shela, Muyeye washajua. Mwajiri akisikia kwa mwengine kabla yako, basi tena.

Lakini kusema nako kuna jinsi yake. Wengi wanasema "ilitokea dawa ikazidi" ama "alipewa mara mbili". Alipewa na nani, jini? Weka ile NI mbele: nilimpa. Mtu anayetafuta wa kumuachia mamake anaisikiliza hiyo NI kuliko vyeti vyako vyote. Na usimtie yule binti makosani hata kama alichangia, manake anayekuuliza naye ni binti wa mtu, atajiona ni yeye unayemsema.

Mimi nasema hivi, na sizidishi:

"Nilimpa bi mkubwa dawa ya presha mara ya pili, sikuuliza kama ashapewa. Akapata kizunguzungu, tukamfikisha hospitali, akarudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo sitoi kidonge kabla sijasoma daftari, na kila anayetoa anatia sahihi, hata mwenye nyumba."

Hapo nyamaza. Kunyamaza ndo kazi, intavyu yangu ya kwanza nilipitiliza nikaingia habari za mshahara kuchelewa na mfungo ulivyonichosha, nikamuona mama wa watu anaangalia saa. Jizoeze kwa sauti ukiosha vyombo. Jina la mgonjwa usitaje wala siri za ile nyumba, anayekusikia ukizimwaga anajua na zake zitamwagwa.

Daftari nenda nalo, sio la mgonjwa wa zamani, hilo ni lake, chora ukurasa mtupu: tarehe, saa, dawa, kiasi, nani katoa. Mimi nimeongeza na safu ya daku.

Makaratasi sasa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inasema ukifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, kina jina lake na lako, kazi gani, ulianza lini na ukaisha lini. Kukusifu si lazima. Kwa hivo kiombe hata kama mliachana mmenuniana. Cheti cha tabia njema cha polisi ni kitu chengine, kile kinaangalia mambo ya jinai, hakihusiani na kidonge chako. Kwenye sivii andika tarehe na kazi tu, kosa linasemwa kwa mdomo. Na kama unatoa namba ya mwajiri wa zamani, mpigie kwanza umwambie utakavyoisema, asishtukizwe.

(Haya yote ni ya kuteleza. Kama ulimpiga mgonjwa au uliiba hapo sina la kukufundisha.)

Na kuna watakaokukataa. Wa kwanza alinikataa papo hapo, akanipa nauli ya tuktuk, wala sikumkasirikia. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akatoka na mfuko umejaa dawa za babake, akaumwaga mezani akaniambia haya, zipange.

Nikamuuliza, leo ashameza zipi?