Kionjo cha kitabu: dakika mbili za kumfanya kijana agombee kusoma

Kufikia kidato cha pili, mwanafunzi ameshazoea kuiona riwaya kama kitu cha mtihani: dhamira, wahusika, migogoro, ujumbe. Ukisimama mbele yake na kuanza "riwaya hii inazungumzia...", atajua kipindi kimeanza na masikio yatafungwa. Kionjo, yaani maneno machache ya kukinadi kitabu mbele ya darasa, ni kazi tofauti. Hakihakiki wala hakifupishi. Kinamfikisha msikilizaji pale anapotaka kujua kilichofuata, halafu kinanyamaza.

Hatua ya 1: Chagua vitabu vitatu, na uwe umevisoma vyote mpaka mwisho. Vitatu vinatosha kwa dakika nane hivi. Vikizidi vitano, vinaanza kuchanganyika vichwani. Visifanane: kimoja cha upelelezi au hatari, kimoja cha maisha ya nyumbani na shule, na kimoja chembamba, chini ya kurasa 100. Hicho chembamba kitaje kwa idadi ya kurasa zake, maana kuna watoto wanaosubiri hiyo taarifa tu. Kusoma hadi mwisho si urembo. Humo ndani mnaweza kuwa na jambo ambalo mzazi atakuja kuuliza, na jibu lazima uwe nalo.

Hatua ya 2: Tafuta mlango mmoja wa kuingilia. Kila kitabu kina mhusika, fumbo, mahali na lugha yake. Chukua kimoja tu. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960) ingiza kwa fumbo: maiti imekutwa penye mzimu unaoogopwa, na anayeitwa kulifumbua ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali mengi. Usianze kueleza historia ya riwaya ya upelelezi. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) inafaa kuingizwa kwa mhusika.

Hatua ya 3: Andika, kisha weka karatasi kando. Kwa mwendo wa kuzungumza na darasa, maneno 100 hadi 120 huchukua kama dakika moja. Mfano kwa *Rosa Mistika*:

"Rosa anaishi Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na hataki kusikia habari ya mvulana karibu na binti zake. Siku moja Rosa anapata barua. Imetoka kwa kijana anayeitwa Charles. Zakaria anaijua habari hiyo, na Rosa anapigwa vibaya. Miaka inapita, Rosa anakwenda shule ya bweni. Huko hakuna Zakaria. Sasa niambieni: mtu aliyelindwa kwa fimbo peke yake, siku fimbo ikiwa mbali, atajilinda kwa kitu gani?"

Tazama kilichoachwa: wadogo zake, mama yake, na karibu kila kitu kinachotokea baada ya shule. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri neno kwa neno. Za katikati zisemwe kwa maneno yako, la sivyo utasikika kama msoma taarifa ya habari. (Riwaya hii iweke kwa wakubwa, kidato cha tatu kwenda juu, mambo ya ngono na kifo yamo waziwazi. Iliwahi kuzuiwa mashuleni, na ukilitaja hilo tu, umeshamaliza nusu ya kazi.)

Hatua ya 4: Soma kifungu, ukitaka, lakini kifupi. Sentensi sita hadi nane, zisizozidi sekunde 40. Weka kikaratasi kwenye ukurasa mapema. Kupekuapekua mbele ya watu hamsini kunaua kila kitu. Majibizano husomeka vizuri kuliko maelezo ya mandhari. Katiza kabla jambo halijatokea, hata katikati ya sentensi, na ufunge kitabu. Watalalamika. Waache walalamike.

Hatua ya 5: Simama vizuri. Kitabu kiwe usawa wa kifua, jalada likiwatazama wao. Kama jalada limechanika na limejaa mihuri ya shule, sema hivyo na uendelee. Usiige lugha ya vijiweni kama si yako. Vijana hunusa uongo huo haraka. Maneno mawili ya kufuta kabisa ni "kizuri sana" na "kina mafunzo mengi". La kwanza halisemi kitu, la pili linawafukuza.

Hatua ya 6: Usiulize "nani anataka?" Hapa ndipo vionjo vingi vizuri hufia. Kijana wa miaka 15 hanyoshi mkono kutaka kitabu mbele ya wenzake. Panga vitabu mezani, jalada juu, ondoka hatua kadhaa, jishughulishe na jambo jingine. Kwa hiyo fanya kionjo dakika kumi kabla ya mapumziko, au kabla ya prepo (muda wa kujisomea) kwa shule za bweni, ili wapate muda wa kusogea mezani bila kuonekana wametumwa. Kipindi cha mwisho Ijumaa kiepuke. Kila mtu anawaza kwenda nyumbani.

Tatizo la kweli ni nakala. Ukiwa na moja na wanaoitaka ni kumi na watano, hamu haitakaa muda mrefu. Fungua ukurasa wa foleni kwenye daftari la kuazimisha, kila mmoja siku saba, na andaa kitabu cha akiba kwa kila kionjo: "Hicho kimechukuliwa, lakini ukipenda mafumbo jaribu hiki." Kitabu ambacho shule haina hata nakala moja usikitolee kionjo, hata ukipende vipi.

Kitabu kikirudi, usidai muhtasari wala usitoe alama. Uliza tu, "Uliishia wapi?" Aliyeacha ukurasa wa 30 amekupa taarifa nzuri ya kuchagulia kitabu kijacho. Aliyemaliza mwombe sekunde sitini darasani wiki inayofuata. Atatamka vibaya jina la mwandishi na atafichua mambo mawili matatu, usimsahihishe. Foleni ya kitabu hicho itarefuka kuliko ulipokinadi wewe.