Kabla hujanunua vitabu vya urubani

Jiulize kwanza: leseni yako itatolewa na nani? Anayesomea kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, atakabili mtihani wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA. Wa Dar es Salaam atakabili wa TCAA, mamlaka ya Tanzania. Nimeona wanafunzi wakimaliza akiba yao kwa seti nzima ya vitabu vya Marekani, kisha wakakwama kwenye sheria za anga. Inauma, maana vitabu vikuu vya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, vinapakuliwa bure. Visomee bawa, injini na ala, kwani fizikia haina mpaka. Ila kumbuka kwamba kule kanieneo ya hewa hupimwa kwa inchi za zebaki, kiwango sanifu kikiwa 29.92, na uonekano kwa maili; kwetu ni hektopaskali, sanifu ikiwa 1013, na mita.

Sheria za anga soma kwenye kanuni zenyewe za nchi yako, na uhakikishe zina marekebisho ya karibuni. Fotokopi aliyokuachia kaka aliyefaulu zamani inafaa kwa aerodinamiki. Kwa sheria, iweke kando.

Hali ya hewa nayo ina kwao. Vitabu vya Uingereza hushughulika sana na pande za hewa ya joto na baridi. Wewe unahitaji kuelewa ukanda wa mvua wa tropiki unaoleta masika na vuli, kusi na kaskazi, na radi za usiku juu ya Ziwa Victoria.

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi: utendaji wa ndege. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako joto sanifu, yaani linalochukuliwa kuwa la kawaida kwa kimo hicho, ni kama nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 26 kuna ziada ya 22, na kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi, kila nyuzi huongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi. Ndege inajiona iko juu ya futi 8,000 ilhali magurudumu bado yako chini! Kitabu ambacho mifano yake yote ni ya viwanja vya pwani hakitakuandaa. Tafuta mwongozo wa ndege utakayorusha, ukokotoe majedwali ya kuruka mwenyewe, kwa penseli.

Mkusanyiko wa maswali ya mitihani ununue mwisho, ukishaelewa somo. Aliyekariri herufi za majibu hupotea swali likigeuzwa kidogo. Kuhusu kikokotoo cha kuzungusha kwa mkono, cha hesabu za safari, muulize mwalimu aina anayofundishia kabla hujakiagiza.