Wimbo wa kusaini cheti msiusahau
Maharusi wengi hapa Bagamoyo huhangaikia wimbo wa kuingia, wakasahau muda wa kusaini cheti cha ndoa. Wanasaini bwana, bibi, wasimamizi na padre. Kwaya isipokuwa na la kuimba, kanisa linapoa. Wekeni nyimbo mbili hapo. Wa kuingia, pimeni kwanza: tembeeni kutoka mlangoni hadi altareni kwa mwendo wa gauni refu, mkihesabu kwa simu. Mkitumia dakika 3, msichague wimbo wa dakika 6. Chagueni wenye beti fupi, mpiga kinanda aweze kumalizia kwenye kiitikio. Padre akishapitisha orodha, mwalimu wa kwaya aipate wiki 4 kabla. Bongo fleva, hata iwe tamu vipi, ingoje ukumbini.